Tulimzika Rongai, Nikamkuta Baharini

Ijumaa asubuhi, Nakuru. Baridi imeshika, ukungu umemeza mlima Menengai wote, na chai niliyojimiminia imepoa bila kuguswa. Nimerudi kutoka safarini juzi na mpaka sasa sijafungua hata begi. Nguo bado zina mchanga na chumvi, na mtu akiingia humu ndani atafikiri nafuga samaki.

Wale mnaonisoma hapa mnangoja picha za Moroko, najua, mmeniuliza mpaka mmechoka. Leo hakuna picha. Leo naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka, na sijui hata kama nitaichapisha.

Kaka yangu yuko hai.

Nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Wanjala, kifungua mimba wa Mama, yule niliyemvalia nyeusi, yule ambaye jina lake linatajwa kanisani kila mwaka pamoja na marehemu wengine, yuko hai, anakula, anacheka, na ana tumbo.

Wacha nianze mwanzo, maana hata mimi nikijisikiliza naona kama ninaumwa.

Wanjala alikwenda nchi za Ghuba kulinda majumba ya watu. Mkataba ulipoisha, badala ya kurudi nyumbani akashawishiwa na wenzake wapitie Moroko, kisha wavuke kwa mashua waingie Uhispania. Siku moja mtu tusiyemjua akampigia Mama simu. Akasema mashua imezama na Wanjala alikuwa ndani. Basi. Hakuna mwili, hakuna begi, na tulipopiga ile namba tena haikupatikana. Mama alikaa miaka akisikiliza lango. Mbwa akibweka, yeye yuko mlangoni. Mpaka wazee wakasema imetosha.

Kwa wasiojua desturi yetu: mtu akifia mbali na mwili usipatikane, haachwi hivi hivi hewani. Unakatwa mgomba. Unavishwa nguo zake, unafungwa shuka, unalazwa kwenye jeneza, na watu wanalia kama kawaida. Sisi ni watu wa Nakuru. Babu aliletwa hapa na reli, baba akazeekea kiwandani, na Bungoma tunaijua kwa harusi na Krismasi tu. Lakini mambo ya kifo yakija, Bungoma hutukumbuka. Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, alikuja na wazee wenzake akasimamia kila kitu. Mgomba ule ukalazwa kando ya kaburi la baba, nyuma ya jiko la Mama, kwenye kashamba kake huko Rongai. Nilitupa udongo juu yake kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Siku hiyo Mama alipewa maikrofoni. Watu walitegemea aombe, au alie. Alisema maneno mawili tu: "Leo nitalala." Akarudisha maikrofoni, akaketi.

Sasa sikieni linalonifanya niandike asubuhi hii. Leo Mama anamwagia kaburi hilo saruji. Fundi amekwisha kuitwa. Alikuwa ananisubiri mimi nirudi na kitu alichonituma, na nitafikaje pale, nimwambie nini?

Nilipomwambia nakwenda Moroko, Mama aliacha kuchambua maharagwe. Kisha akasema nimletee mchanga wa ile bahari. Kwetu mtu akifia ugenini huletwa udongo wa mahali alipofia, angalau roho ijue njia. Wakati wa mazishi hatukuwa na wa kutuletea. Mama akasema atautia huo mchanga kaburini, kisha afunike kwa saruji, amalize. Nami, nikisema kweli, nilikwenda kwa sababu hiyo hiyo. Rafiki yangu Wambui alifikiri nafuata mandhari. Nilitaka kuyaona maji yaliyomla ndugu yangu.

Wambui ni mtu wa kupenda vitu ambavyo havimpendi. Amewahi kupenda farasi, akavunjika mkono. Safari hii alikuwa amependa mawimbi. Aliona video mtandaoni za watu wanateleza baharini wamesimama juu ya ubao, akasema nasi tutasimama. Mimi niliyekulia Nakuru, ambako ziwa letu ni la flamingo na la Naivasha lina viboko, mimi ambaye maji mengi niliyowahi kuingia ni ya karai.

Mji wenyewe unaitwa Essaouira. Umezungukwa na ukuta mnene wa zamani, na juu ya ukuta kuna mizinga imeelekezwa baharini, imekaa tu, haina wa kumpiga. Magari hayaingii ndani. Mizigo yetu ilisukumwa kwa mkokoteni hadi nyumba ya wageni, kupitia vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili. Nyumba ilikuwa na ua wazi katikati, na vyumba vimeuzunguka juu vikitazamana. Ukikohoa chumbani kwako, mgeni wa ng'ambo anakwambia pole. Paka kila kona, upepo usiopumzika, dagaa wakubwa wa kuchomwa bandarini. Nilipapenda. Nililala vizuri ndani ya ule ukuta kuliko nilivyolala hapa kwangu kwa muda mrefu, na jambo hilo linanikasirisha nikilifikiria sasa.

Kila asubuhi tulitoka kwenye lango la ukuta tukatembea hadi ufukweni, tukavaa suti za mpira za kuzuia baridi ya maji. Kuivaa ile suti ni kama kumvisha mtoto sweta ya mwaka juzi. Wambui alikwama akiwa nusu ndani, tukacheka mpaka mwalimu akaja kutusaidia. Maji yake ni baridi. Wale mnaojua kuoga nje Molo mwezi wa saba mtanielewa.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa pale pale, mchangamfu. Lakini kulikuwa na mwanamume mwingine aliyebeba mbao na kuzipanga mchangani. Mweusi, mrefu, uso wote ameupaka yale mafuta meupe ya kuzuia jua, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Wengine wote walikuja kutusalimia, yeye hakuja. Tukienda kulia, anakwenda kushoto.

"Huyo ni wetu," Wambui akaniambia. "Angalia vile anatembea. Hiyo ni miguu imezoea tope ya Nakuru."

Nikamwita, "Sasa, boss?"

Akageuka upande wa pili akaanza kufunga kamba ambayo haikuwa imefunguka. Nikamwona ana maringo.

Asubuhi ya mwisho upepo ulikuwa mwingi. Mwalimu alisema tusivuke usawa wa kiuno, na mimi nilikusudia kumtii. Lakini nilikuwa nimesimama. Naapa, nilisimama juu ya ule ubao, miguu yote miwili, nikaona ukuta wa mji mzima na mizinga yake, nikajisikia mtu. Tamaa ikanishika nirudie. Nikasogea mbele kidogo, kisha kidogo tena, na nilipogeuka ufuo ulikuwa mbali na maji yalikuwa yananivuta pembeni kwenye mawe. Nilianza kupiga mikono hovyo. Nikameza maji. Nikaanguka kutoka kwenye ubao, kamba inayofunga ubao na mguu ikanivuta, na nilichofikiria ni Mama kupigiwa simu ya pili.

Ndipo nikasikia mtu akipiga kelele.

"Simi! Simi, lala kwa ubao! Wacha kupigana na maji, lala!"

Kazini mimi ni Rose. Kanisani ni Rose. Wambui mwenyewe ananijua kwa Rose. Mama peke yake huniita Nasimiyu. Simi sijawahi kuitwa na mtu yeyote duniani ila mmoja, na huyo nilikuwa nimemtupia udongo.

Nililala kwenye ubao. Nikasikia mtu ameushika kwa nyuma, anausukuma kwa nguvu, anapumua. Mafuta meupe yalikuwa yameyeyuka usoni, yanamtiririka mashavuni. Nikaona masikio ya baba yangu. Nikadhani nimekufa. Nilifikiri, kumbe kufa ni rahisi hivi, unameza maji kidogo tu na ndugu yako anakuja kukupokea. Halafu nikaona amenenepa, na jino la mbele halipo, nikajua huyu si marehemu. Marehemu hanenepi.

Maji yalipofika kifuani nikasimama, nikampiga kofi.

Hakujikinga. Nikampiga la pili.

"Ongeza," akasema.

Nilishindwa kuongeza. Nilimshika ile suti yake kifuani kwa mikono yote miwili kama mtu aliyemkamata mwizi, na tulitoka majini hivyo hivyo, nimemshika. Wambui alifikiri ananidhuru, akaja mbio amebeba kiatu.

Tuliketi chini ya ukuta, upande usio na upepo. Sikumwachia mkono. Alinieleza yote akitazama miguu yake. Usiku ule wa mashua alifika ufukweni na wenzake, begi lake likatangulia kuingia, simu ikiwa humo. Akaiona ile mashua imejaa maji kabla hata haijaondoka, na miguu ikakataa. Wanjala hajui kuogelea. Hakujua, naweka sawa. Wenzake wakamcheka wakaenda, na waliokuwa wakihesabu watu gizani hawakujua mmoja alibaki. Baada ya habari ya kuzama alitembea kusini, mji kwa mji, akilala kwenye stendi za mabasi. Katika huo mji wa ukuta akapata kazi ya kuosha suti za mpira za watalii. Akasema yale maji yalimtisha mpaka akaona ama ayajue au awe mwendawazimu. Hivyo akajifunza, jioni watu wakienda. Sasa anafundisha wengine.

"Kwa nini hukupiga simu?" Hilo ndilo nililolitaka, hayo mengine yangengoja.

Akasema mwanzoni hakuwa na simu. Alipoipata akaona aibu, akataka apige akiwa amefika mahali. Mwezi ukawa mwaka. Kisha siku moja akaingia mtandaoni kututafuta, akatukuta tunamzika.

Moja kwa moja. Binamu yetu alikuwa anarusha matanga kwenye mtandao kwa ajili ya jamaa walioko nje, kama ifanyikavyo siku hizi. Kaka yangu alikaa kwenye chumba cha kuanikia suti, ndani ya ukuta wa mji wa watu, akatazama mazishi yake kutoka maombi ya kufungua mpaka udongo. Aliniona nikilia. Alimwona Baba mdogo akisoma historia yake na kukosea shule aliyosomea.

"Kwaya ilikuwa poa lakini," akasema, na akajaribu kucheka.

Karibu nimpige la tatu. Nikamwuliza aliwezaje kuketi akitazama hivyo bila kupaza sauti? Kulikuwa na sehemu ya kuandika ujumbe pale chini, watu wakiandika pole, pole. Angeandika hata neno moja.

"Nilikuwa nimeanza," akasema. "Nimeandika 'Mimi niko.' Halafu Mama akapewa maikrofoni." Akachota mchanga, akaumwaga. "Simi, umesikia vile alisema. Leo nitalala. Miaka yote hiyo mimi ndio nilikuwa namnyima usingizi. Sasa amepata, mimi nimuamshe na nini? Na tena nimezikwa. Mtu amezikwa hawezi kupiga simu tu aseme hello."

Hilo la mwisho ni kweli. Desturi ile ile iliyomzika haimruhusu kurudi kienyeji. Aliyezikwa akija ghafla nyumbani watu hukimbia, na hata wasipokimbia, haingii kwa mlango wa mbele, halali ndani, hamgusi mtoto, mpaka kaburi lifunguliwe na kilicholazwa mahali pake kitolewe. Wanjala alikulia Nakuru kama mimi, lakini anayajua haya na anayaogopa.

"Mwache alale," ndivyo aliniambia tukiagana. "Please."

Sikumuahidi. Nilichukua namba yake. Na jioni nilirudi ufukweni nikajaza mchanga kwenye chupa ya jemu kama Mama alivyoniagiza, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Chupa iko hapa mbele yangu. Mchanga ni wa kijivu, mwembamba, una vipande vya kombe.

Nikinyamaza, Mama atapata kaburi safi lenye saruji, na usingizi wake. Nikisema, namrudisha kwenye lile lango, kusikiliza mbwa, safari hii akisubiri mtu ambaye mwenyewe amekataa kuja. Nani amenipa mimi haki ya kuamua usingizi wa mama yangu? Na nani amempa Wanjala?

Mama amepiga sasa hivi. Anasema fundi ameshafika na nisichelewe, na nisisahau kile kitu.

Naenda. Sijui nitasema nini. Kweli sijui.

*

Ijumaa jioni, Rongai. Nimeazima meza ya Mama. Mvua imepita ikaacha manyunyu, mahindi yananukia. Bado kichwa changu hakijatulia, kwa hiyo nitaandika kama kulivyokuwa.

Nilimkuta Mama amevaa viatu vya mpira na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Kaburi lilikuwa limepaliliwa hadi kung'aa. Fundi alikuwa amekwisha kukoroga toroli zima la saruji, mbao zimepigwa pembeni, kila kitu tayari. Mama akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Umekonda," akasema. "Uko nayo?"

Nikatoa chupa kwenye mkoba. Akanyoosha mkono. Nami nikashindwa kuiachia. Alivuta, nami nikavuta, watu wazima wawili wanang'ang'ania chupa ya jemu juu ya kaburi.

"Nasimiyu. Lete."

"Mama, huu mchanga si wake."

"Si wa nani?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipanga kuanza na Mungu, nikapanga aketi kwanza. Yote yakapotea.

"Si wa Wanjala. Hakuingia kwa hayo maji. Yuko hai, Mama. Nimemwona. Nimempiga kofi."

Sijui kwa nini nilitaja kofi. Nafikiri niliona bila kofi hataamini.

Fundi akasimama na koleo lake hewani. Akamtazama Mama, akanitazama mimi, akalitazama kaburi, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa akitoka kwenye zile mbao. Mama alirudi kinyumenyume akaketi kwenye kaburi la baba, ambalo lina saruji tangu zamani, akaweka mikono magotini. Nikaogopa. Fundi, maskini, akauliza kwa sauti ndogo, "Mathe, niendelee ama niwache? Hii simiti itashika."

Halafu Mama akauliza, "Anakula nini?"

"Samaki. Amenenepa."

"Samaki?" Akakunja uso. "Wanjala hapendi samaki."

Nikaanza kulia hapo. Nilimweleza yote nikilia, mashua, miguu iliyokataa, suti za mpira, matanga aliyoyatazama kwenye simu. Nikafika kwenye lile la maikrofoni. Nikamwambia, Mama, alinyamaza kwa sababu yako. Alikusikia ukisema utalala, akaona akuache ulale.

Mama aliinua kichwa. Sijawahi kuona uso wake vile, na nimemwona siku alipompoteza baba.

"Nani aliwaambia nililala?"

Nikafuta machozi kwa kiganja.

"Wazee walikuwa wametoka mbali," akasema. "Mvua ilikuwa inakuja. Watu walikuwa wamechoka na mimi, mwanangu. Miaka mingi wamechoka na mimi. Nilisema vile ndio waende nyumbani wakiwa na amani. Sijalala hata siku moja."

Akanionyesha kaburi kwa kidevu. Akasema kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, hutoka na kuangalia kama udongo umesogea. Anajua ni mgomba uko pale. Alikuwepo ukikatwa. Lakini hutoka tu na kuangalia. Akaona akiweka saruji labda miguu itaacha kumleta.

Hivi ndivyo tulivyoishi, wote. Yeye anajifanya analala ili sisi tupumzike, Wanjala anajifanya amekufa ili yeye alale, nami nikiona mama yangu amepata amani na kumsifia kwa watu. Nimeketi hapa na bado siamini kwamba maneno mawili ya adabu, yaliyosemwa ili wageni waende zao kabla ya mvua, yalimweka mtu kaburini muda wote huu.

Nilitoa simu nikasema nitapiga kwa video amwone. Akakataa.

"Picha siku hizi zinatengenezwa. Nipe sauti."

Iliita muda mrefu. Wanjala alipopokea, nilimwambia tu, "Kuna mtu," nikampa Mama. Mama hakusalimia. Aliishika simu kwa mikono miwili mbele ya mdomo.

"Kohoa," akasema.

Nilisikia upepo upande wa pili.

"Nimesema kohoa."

Wanjala alikuwa mtoto wa kifua. Baridi ya Nakuru ilimtesa, na Mama alikesha naye kila msimu wa baridi akimpaka mafuta na kumsikiliza. Alikohoa. Nilikisikia hata mimi nilipokuwa nimesimama, kikohozi kikavu kinachoanza kama mtu anayekuna sufuria. Mama akaisogeza simu mbali, akaitazama, akairudisha.

"Ni yeye," akamwambia fundi, si mimi.

Wanjala alianza kuomba msamaha. Nilimsikia akilia na kusema atatafuta tikiti, atakuja, hata wiki ijayo, hata kesho. Mama akamkatiza.

"Usije bado," akasema. "Ngoja kwanza tukufukue."

Akanirudishia simu na kwenda jikoni kupika, maana fundi alikuwa hajala.

Baba mdogo nilimpigia mimi. Akaongea kama mtu anayesoma orodha ya vifaa: anapanda basi leo, kondoo wa tambiko atafutwe, kaburi lisiguswe kabla hajafika. Na tusiite vijana wa kuchimba. Mgomba unatolewa na wale wale waliouzika, akasema, kila aliyetupa udongo autoe. Akaniuliza kama nilitupa. Nikasema nilitupa. Akasema vaa nguo ya kazi.

Nimemwuliza Mama kama niandike haya hapa au niyafiche. Akasema waliokuja matanga walikula, walilia, walitoa mchango wao, wana haki ya kujua. Basi mjue. Mlioandika pole siku ile, mnaweza kwenda kufuta.

Saruji iliyokuwa imekorogwa Mama hakukubali ipotee. Alimwita fundi akamwonyesha mlango wa jikoni, ule wa nyuma, ambao tangu nyumba ijengwe una jiwe tu la kukanyagia na wakati wa mvua huteleza. Akamwambia atengeneze ngazi hapo. Fundi akapima, akasema ya kawaida itatosha. Mama akasema hapana, aifanye pana, mtu ataingia hapo na mizigo.

Ngazi bado mbichi. Mama ameiwekea kiti juu yake mbwa asikanyage. Nje kumeanza kunyesha tena, na kaburi liko pale na mbao zake nne, halina saruji. Alfajiri Baba mdogo atashuka Rongai, nami nitavua viatu, nishike jembe, nianze kumtoa kaka yangu.